Chumba Namba Sita Hapapikwi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Fomu ya msaada wa chakula imepatikana! Kurasa nne. Mke wangu kaipangia foleni tangu alfajiri. Kila mwezi unga, maharage na mafuta kwa kaya isiyojiweza. Sisi hatujiwezi, hilo halina mjadala. Mimi ni fundi saa, na tangu simu zianze kutaja saa, kibandani kwangu haji mtu ila anayeuliza njia. Mke wangu anafua nguo za watu. Tunaye Mama yangu, na mabinti wawili wa shule. Watu watano, chumba namba sita.

Fomu inasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mke wangu anataka tujaze ukweli tu, eti ukweli wetu unatosha kumliza mtu. Nikamwambia mambo ya serikali aniachie mimi. Akashusha pumzi, akajaza mwenyewe.

Wakati wa kula Mama kasema ameshiba kabla hajaketi. Siku ya nne sasa anashiba hivyo. Nimeona aibu, nikala harakaharaka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Afisa wa ustawi kamtembelea jirani yangu wa chumba namba tano. Huyu ni mshona nguo, miwani yake imefungwa kwa uzi, nasi tunamwita Miwani. Mtu asiye na mbinu hata moja! Kanieleza mwenyewe bila haya: kamfungulia afisa mlango, afisa kahesabu sahani, kafunua sufuria, kakuta ukoko wa jana, kaandika, kaaga. Basi. Dada yake na wapwa zake wamekaa palepale wanatazama.

Nikampa pole. Akauliza pole ya nini. Nikatabasamu tu. Sufuria mezani, sahani sita zimepangwa, halafu useme huna kitu?

Hapo akili ikanifunguka. Afisa anahesabu vyombo. Basi asiye na chombo hata kimoja ndiye fukara wa mafukara!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zamu yetu kesho saa nne asubuhi. Nimemwomba Miwani aniwekee vitu vichache. Kakubali, kasema shemeji akihitaji chochote agonge tu mlango. Sipendi anavyolitamka hilo neno shemeji.

Mipango imekamilika. Mke wangu atakuwa kwenye kufua. Nimemwambia afisa anakuja wiki ijayo. Mabinti shule. Mama nimemtuma zahanati akapime presha. Mama hawezi kudanganya, akijaribu anacheka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku yenyewe! Walipotoka tu nikaanza. Jiko, sufuria tatu, sahani, vikombe, magodoro, sanduku la nguo, sare za mabinti zilizotundikwa msumarini, hadi kitana cha Mama. Saa za ukutani kumi na moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zote kwa Miwani. Nikaona masizi ukutani pale jiko linapokaa. Nikayasugua mpaka ukuta ukang'aa, sabuni ikaisha. Nikabakiza mkeka mmoja, nikaketi juu yake, tumbo nimelivuta ndani.

Afisa kaingia, mama mpole, faili kwapani. Kauliza wenzangu wako wapi. Nikasema wametawanyika, mama, kila mtu anahangaika kivyake. Sufuria? Tumeuza zote. Mnapikia wapi sasa? Hapo nikatia chumvi: humu ndani jiko halijawashwa tangu mwezi uliopita. Kaniuliza tena, taratibu, kama nina hakika. Nikaapa. Akaandika neno kwa neno, na mkono wake ulikuwa unasitasita. Huruma hiyo! Nimepiga bao.

Jioni, vitu vyote nimesharudisha kutoka kwa Miwani, mke wangu katafuta sabuni yake. Kesho ana nguo za nyumba mbili. Nikamwonyesha ukuta. Akaupapasa, akaenda kulala. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Miwani kapata kadi. Miwani! Mtu wa ukoko! Nimempongeza hadi mashavu yakaniuma. Kama yeye kapata, sisi si watatuletea gari zima?

Mke wangu kapoteza nyumba moja kati ya zile mbili, kwa kuchelewesha nguo. Tunakunywa chai bila kitu. Nimewaambia wavumilie.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Barua imefika. Mistari mitatu. Chumba namba sita hapapikwi. Amekutwa mtu mmoja. Hakuna kaya.

Hakuna kaya! Tumesimama watano tunasoma barua inayosema hatupo. Binti mdogo kauliza kama bado anatakiwa kwenda shule. Tukacheka, hata Mama. Kisha Mama akaacha kucheka, akakaa chini, akaomba maji. Kizunguzungu. Alipomshika mkono, mke wangu alisema vidole vyake vimekuwa baridi.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nilimwambia nini yule afisa. Nikaeleza yote, maana niliona mbinu yenyewe haikuwa mbaya. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba watoto," akasema, "sisi tulitakiwa tukae ndani tu." Sijapata kumsikia akisema kwa uchovu hivyo. Iliniuma.

Lakini aliyeniponza namjua. Huyu Miwani, kwa vyovyote alimnong'oneza afisa.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Miwani kaleta bakuli la unga, kasema Mama ale kwanza. Kwa haki unga huo ni wetu, ila sikutaka ugomvi. Mama kanywa uji bakuli zima, kakomba kwa kidole, ndipo kasema ameshiba. Nimegeukia ukutani. Binti mkubwa kauliza kama nalia. Nimesema moshi.

Nilikunywa mabakuli mawili. Uji ulikuwa mwepesi, nilimwambia mke wangu amfikishie Miwani ujumbe.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Mke wangu kaleta fomu ya rufaa. Kaijaza kwa kalamu ya binti mkubwa, mkono wake wa kushoto umeziba maandishi nisione. Alipokwenda kuteka maji nikachungulia. Yeye, Mama, mabinti wawili. Nikahesabu tena. Wanne.

Nikanywea. Aliporudi nikamuuliza, na mimi? Akajibu bila kuinua macho kwamba serikali imeshaandika nakaa peke yangu, basi nikae peke yangu. Nikamgeukia Mama anitetee. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, "Mwanangu, mimi nina njaa."

Nilikaa nje hadi jua likazama.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mke wangu kasema hawezi kuandika uongo kwenye fomu, kwa hiyo leo kanihamisha kweli. Kabeba godoro langu hadi kibandani, pamoja na sufuria ndogo, sahani moja, kijiko kimoja na saa zote kumi na moja. Kaviweka sakafuni kimoja kimoja. Kaniaga kama mtu anayemuaga mgonjwa. Niliketi kwenye benchi langu la kazi, nisijue nimekosea wapi.

Kisha nikashtuka. Kaya mbili! Chungu huku, chungu kule. Kadi mbili! Mke wangu, mwanafunzi wangu! Tena kwa uso mkavu, hata kunikonyeza hakunikonyeza. Nikatimua mbio kwenda kumpongeza. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimegonga sana. Hakufungua, na binti mdogo kaambiwa anyamaze. Nidhamu hiyo! Hataki majirani washtuke.

Fomu yangu nimeijaza. Nitaipeleka kesho, na nimesikia siku hizi afisa anafika ndani ya siku tatu. Safari hii sirudii kosa. Nimejifunza: vitu havifichwi kwa jirani. Sufuria na sahani nimevifukia mwenyewe, nyuma ya kibanda.