Nilivyowakaribisha Nyuki Kwenye Maonyesho

Leo nimepata aibu ya kutembea nayo mwaka mzima. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mnajua tangu nitoke eda sijasimama mbele za watu. Asali ya marehemu mume wangu, Baba Sudi, nimekuwa nikiuzia barazani hapa Gongoni. Anayekuja anakuja, asiyekuja basi. Lakini maonyesho ya wajasiriamali yalipokaribia nikasema niende. Marehemu alikuwa na nafasi yake karibu na geti, na wateja wake wote wanaijua. Ila safari hii waandaaji wamekuja na sheria mpya. Mwaka jana tuliacha uwanjani mlima wa mabango ya plastiki, maputo na maua bandia, ng'ombe wakawa wanatafuna. Sasa hayo yote marufuku. Banda lijengwe kwa vitu vya kuoza au vya kutumika tena. Atakayewapendeza waamuzi atachagua mwenyewe pa kukaa maonyesho yajayo.

Mimi nilitaka pale getini kwa marehemu. Sikutaka kingine.

Tatizo lilikuwa jirani yangu wa banda, Mama Kulwa, anayeuza uyoga mkavu na karanga. (Hajawahi kunikosea. Nawaambia mapema ili mjue ubaya ulikuwa upande gani.) Jana alisimamisha banda la mianzi iliyofungwa kwa kamba za katani, bila hata msumari mmoja. Meza yake ni mlango wa zamani. Jina la biashara kaliandika kwa mkaa kwenye ungo. Zuri! Nililitazama mpaka macho yakaniwasha.

Na sitawaficha, si mianzi iliyoniuma zaidi. Ni Baba Kulwa. Kashika ngazi, anasema, "Mke wangu, usiegemee huko." Mara, "Mke wangu, shuka kwanza unywe chai." Mimi ngazi yangu niliiegemeza kwenye nguzo, nikapanda, nikashuka, nikanywa maji.

Nikarudi nyumbani. Ndipo nikaikumbuka mizinga ya magome ya Baba Sudi, ile ya zamani aliyoirudisha kutoka porini Ipole. Nikaitoa stoo. Nani atanishinda na hii? Haina plastiki, na ikitoka uwanjani inarudi stoo. Ila ilikuwa imepauka. Nikakumbuka kila msimu marehemu alikuwa anayeyusha nta na kuipaka mizinga yake, nje na ndani. Miaka yote hiyo nilidhani anaing'arisha! (Kazi yangu ilikuwa kuchuja na kufungasha. Porini sikwenda, na kuuliza sikuuliza.) Basi nikaipaka nta kama mtu anayempaka bibi harusi mafuta. Ikang'aa. Ikanukia. Nikaitundika mbele ya banda.

Asubuhi ya leo Mama Kulwa akanisalimia kwa Kinyamwezi, kama kawaida yake.

"Mwangaluka, dada! Banda lako limependeza!"

"Asante," nikamjibu, kwa jino moja.

Muda si mrefu wakaja nyuki wachache. Wanaingia kwenye mzinga, wanatoka, wanaruka, wanarudi. Watu wakaanza kusimama na kupiga picha. Kwa Mama Kulwa hakuna hata mtu wa kuuliza bei. Furaha niliyoipata, Mungu anisamehe.

Baba Kulwa akaja taratibu, mikono nyuma.

"Shemeji, mizinga hii umeipaka nta?"

"Si unaona inavyong'aa?"

"Na hawa nyuki wameanza kuja saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Kwani wamekudai?"

"Shemeji, harufu ya nta ndiyo inayowaita. Hawa wanakagua nyumba. Wakiipenda wanakwenda kuwaita wenzao wote. Hebu tuishushe, tuizibe na magunia."

Mimi nikajua nimeng'amua. Mke kamtuma! Wameona watu wako kwangu, sasa wanataka nishushe mapambo waamuzi wakiwa njiani.

"Baba Kulwa," nikasema, tena kwa sauti ili na mwenzake asikie, "mwambie mkeo ashindane kwa uyoga wake. Mizinga ya marehemu aniachie."

Akageuka, akaondoka. Mama Kulwa aliinamia karanga zake, akawa anazichambua upya ingawa zilishachambuliwa.

Baada ya adhuhuri waamuzi wakafika. Mkubwa wao ni binti mmoja mrefu, mpole, mwenye kofia ya ukindu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Magome haya mazuri, lakini mti ukichunwa hivi si unakufa?"

"Unakufa. Ila haya ni ya zamani sana, ya marehemu mume wangu. Hakuna mti uliochunwa kwa ajili ya banda hili."

Akaandika. Nikaona anatabasamu. Nikaliona geti kabisa.

"Na hawa nyuki, mama, hawana shida?"

Hapo ningenyamaza tu. Nikajitutumua.

"Mwanangu, mimi ni mke wa mrina asali. Nyuki ni ndugu zangu!"

Sijamaliza, nikasikia mvumo kama pikipiki nyingi zinapanda mlima pamoja. Nikainua macho. Jamani! Wingu zima la nyuki linashuka, na linashukia kwangu!

"Laleni chini!" Baba Kulwa akapiga kelele. "Msipunge mikono! Hawana haja na ninyi!"

Watu wakalala. Binti wa kofia akalala vumbini na makaratasi yake. Uwanja mzima umelala, isipokuwa mtu mmoja.

Mimi nilikimbia. Kanga ikabaki huku, kandambili moja kule. Napunga mikono, napiga mayowe ambayo sijawahi kuyapiga, hata msibani sikuyapiga. Na watu wakiwa wamelala vilevile wakaanza.

"Mama wa asali anakimbia nyuki!"

"Mama, si ndugu zako hao? Ngoja wakusalimie!"

Sikuangalia ninakokwenda. Nikaivaa mianzi ya Mama Kulwa kifua mbele. Banda likaniangukia lote, nikajikuta chini ya meza, kwenye uyoga. Nyuki mmoja alikuwa amenifuata mpaka huko. Akanichoma mdomoni. (Mahali penyewe kabisa palipokosea.)

Mama Kulwa akatambaa hadi nilipo, akatufunika wote wawili kwa kanga yake.

"Tulia, dada. Tulia."

"Mama Kulwa, kwa hiyo hukumtuma mumeo?"

"Nimtume? Mimi ndiye niliyemkataza asije. Nilimwambia, utamkasirisha bure, mwache na kilio chake."

Mdomo ulishaanza kuvimba.

Kukatulia. Nyuki wote walikuwa wameingia mzinga mmoja, ule mkubwa. Hakuna mtu mwingine aliyechomwa. Mimi peke yangu, mwenye ndugu zangu.

Sasa sikieni. Waamuzi wanajikung'uta vumbi, Baba Kulwa anaokota mianzi yake. Akafunga kamba hapa, akafunga kule, mkewe anamshikia, banda likasimama tena kama halijaguswa. Hakuna kilichovunjika, hakuna hata kipande cha kutupa. Yule binti alitazama mdomo wazi.

"Yaani linajengwa upya hivihivi?"

"Hivihivi," akajibu Baba Kulwa.

Ushindi akapewa Mama Kulwa palepale. Yaani mimi ndiye niliyemwonyeshea waamuzi ubora wa banda lake, kwa kifua changu!

Baba Kulwa amesema kesho kabla ya jua ataufunga ule mzinga kwa magunia, aupeleke Ipole akautundike. Mzinga wa Baba Sudi una nyuki tena. Nililia pale pale. Watu walidhani ni mdomo, wakaniletea barafu.

Tulipokuwa tunafunga, Mama Kulwa akanifuata. Kachagua getini, pale pale kwa marehemu. Akaniambia, "Meza yangu ni ndefu, dada. Weka asali yako upande mmoja."

Niseme kweli? Nimeshukuru, na wivu haujaisha. Maana pale getini nitakaa naye, na mumewe atakuwepo kumwambia anywe chai kwanza.

Nitamkubalia. Ila mpaka sasa sijamjibu, nasingizia uvimbe. Nanyi mnaocheka, chekeni kimyakimya tafadhali, maana nikijiunga mdomo unauma.