Nahodha Asiye na Kasoro

Jumatatu, 9 Juni

Umeonekana! Najua ni wewe, binti yangu, maana hakuna mwingine anayechokora kabati langu na kusoma daftari langu kila akija. Mwezi mzima hata hodi! Miguu imekatika? Haya, kaa chini usome, umepitwa na mengi.

Mwanao anaandika hadithi. Chombo kinaruka mpaka kwenye nyota za mbali, ndani wanawake tu. Ataisoma Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba, siku ya hadithi za kisayansi: waandishi wanawake, mashujaa wanawake. Nikamuuliza nahodha ni nani. Akasema hajaamua. Hajaamua! Na mimi nimekaa mbele yake! Hadithi zote nilizosimuliwa tangu utoto, bibi kizee ama anakufa, ama anaroga. Safari hii bibi ataendesha chombo. Nimeapa.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe wako kashapata habari. Kaja na keki, kakaa mguu juu ya mguu, kamwambia mjukuu wetu nahodha anafaa awe mrefu, mpole, mwenye mwendo. Anajitaja mwenyewe bila haya! Nikamwambia angani huko dari ziko chini.

Keki yake kavu. Nimekula vipande vitatu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemchongea! Nimemwambia mjukuu yote. Kwamba bibi yake yule hutapika hata kwenye lifti. Kwamba anaogopa giza, analala taa ikiwaka. Kwamba akipotea njia haulizi, anatembea tu kama anajua. Mimi je? Sina kasoro, nikamwambia. Mtoto akaandika kila neno, macho yanang'aa.

Kazi imekwisha. Nimelala kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa! Nahodha ni yeye! Mwanao anasema shujaa asiye na kasoro hasimuliki, na nilizompa ni tamu mno: nahodha anaogopa giza, na angani kote ni giza! Nimemtawaza kwa ulimi wangu mwenyewe.

Nimeshinda nikitafuta kasoro yangu. Sikuona. Nikaenda kumuuliza jirani, fundi cherehani. Akaweka mkasi chini, akanivutia kiti, akaanza. Alipofika kwenye sauti yangu ya alfajiri nikainuka. Hakuwa amemaliza. Alinifuata mpaka mlangoni kwangu.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi umefurika. Nahodha mrefu katapika, watu wakampenda papo hapo. Mama mkwe wako kavimba mpaka kiti hakimtoshi. Mimi nimejikaza kisabuni.

Kisha injini ikazimika katikati ya giza. Nahodha anatetemeka. Akatokea fundi mitambo, bibi kizee mfupi, mikono kiunoni. Akaigombeza injini, akaiuliza imelelewa na nani. Ikawaka kwa woga! Ukumbi ukaangua kicheko. Hewa ilipoanza kwisha, fundi akamvulia nahodha chupa yake ya hewa, huku akimsema kwamba anavuta pumzi kwa uchoyo. Wakafika nyotani wote wazima, wakibishana.

Mwanao alikuwa akisoma na kunitazama mimi. Nikashangaa kwa nini. Mara mkono wangu umeshikwa: mama mkwe wako analia, hana hata leso. Nikampa upindo wa mtandio wangu. Mkono sikuutoa. Tumerudi nyumbani hivyo hivyo, na njia nzima nimemsema avae miwani asijikwae.

Siku njema. Njema sana.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiria. Fundi si mbaya, lakini usukani anao nani? Kuna hadithi ya pili inakuja, na nahodha lazima aondoke. Asubuhi nimemkalisha mjukuu, nikammwagia yaliyobaki: bibi yake yule huongea na maua yake usiku, huiba sukari akidhani hatumwoni, na aliwahi kumwogopa kuku. Mtoto akakimbilia kalamu, karibu ajikwae. Safari hii nimemmaliza!

Ukija, pitia kwanza kwa mama mkwe wako. Kaa naye, kula keki, chunguza ana kasoro gani nyingine. Uniletee zote. Usiache hata moja.