Mtaalamu na Gari la Mageti Mawili

Mtaalamu aliliona gari lile Jumanne asubuhi, likitoka kwenye geti la kushoto la nyumba moja yenye mageti mawili. Lilikuwa gari dogo jeupe, halina hata mkwaruzo, na nyuma ya usukani alikaa mama mmoja mwenye miwani minene, akiendesha kwa adabu zote. Baada ya nusu saa mama akarudi, akaingilia geti la kulia, akaegesha uani, pua ya gari ikitazama geti la kushoto tayari kwa safari nyingine. Mtaalamu, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake ng'ambo ya barabara, akatikisa kichwa. Watu wengine wana mambo, alijisemea. Geti la kuingilia na geti la kutokea, utadhani ni benki.

Hakujiuliza zaidi ya hapo. Kujiuliza hakukuwa kazi yake.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, siku ile ile aliyofukuzwa gereji kwa uvivu. Katika miezi yote aliyokaa pale akichafua ovaroli, alijifunza kitu kimoja tu, lakini hicho alikijua barabara: kusafisha sensa ya hewa. Kwa wasioijua, ni kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, kinakaa kwenye bomba linalopeleka hewa kwenye injini. Ndani yake mna kiwaya chembamba kuliko unywele. Kiwaya kikishika uchafu, injini inakohoa, inakunywa mafuta bila haya, inazimika mbele za watu, na mwenye gari anaanza kuwaza wosia. Dawa yake ni dakika kumi na kopo la kupuliza, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani kwake na kandambili miguuni. Siri hiyo ndiyo iliyomlisha Mtaalamu. Aliingia kwenye nyumba za watu, akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho, akatangaza msiba. Kisha akamfufua marehemu mwenyewe kwa bei ya msiba.

Safari hii, lakini, hakutaka ada. Alitaka gari zima, na alilitaka kabla ya Jumapili.

Jumapili alikuwa anakwenda kuposa. Kulikuwa na binti mmoja fundi wa kushona, ambaye sisi tutamwita Mshonaji, na hapa naomba tuache utani kidogo: Mtaalamu alimpenda kweli. Alimpenda mpaka akawa anachana nguo zake makusudi ili apate sababu ya kwenda kushonewa. Mshonaji naye alimpenda, na suti ya siku ya posa alimshonea kwa mikono yake.

"Baba yangu ni mpole, hana neno," alimwambia. "Mwenye neno ni shangazi. Akikataa yeye, imekataliwa. Atakuuliza maswali, wewe sema ukweli, usitie chumvi. Njoo hivyo hivyo ulivyo."

"Nitakuja hivi hivi nilivyo," akasema Mtaalamu, na akatoka kwenda kutafuta gari.

Basi Jumanne hiyo hiyo akavuka barabara, akagonga geti la kulia. Yule mama akafungua mwenyewe. Alikuwa nesi mstaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Nesi. Alimtazama Mtaalamu kuanzia viatu hadi nywele, kisha akarudia kutoka nywele hadi viatu.

"Karibu, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko Mtaalamu alivyotarajia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Mtaalamu wa magari. Nilikuwa napita, nikalisikia gari lako linapumua vibaya. Nimeshindwa kupita. Nimesema, huyu mama ni kama mama yangu, nikamkagulie bure."

"Ahaa. Umekuja kukagua gari." Nesi alisogea nyuma kidogo, kama mtu aliyepewa kiti kisicho chake. "Mimi nilidhani umekuja kwa jingine. Haya, ngoja nikuwekee chai."

Na chai yenyewe, nawaambia, ililetwa kwa vikombe vya kabatini, vile vyenye maua ambavyo havitoki kwa mgeni yeyote tu. Mtaalamu akahitimisha kwamba ameangukia bwege wa mwaka.

"Umeoa, baba?" aliuliza Nesi akimimina.

"Bado, mama. Niko mbioni."

"Kwa watu gani?"

"Watu wazuri sana. Wazito."

"Unanukia vizuri. Asumini?"

"Mafuta ya nywele, mama. Mtu wa kazi lazima ajitunze."

"Na huna la kuniambia, mbali na gari?"

"Mimi na magari tu, mama."

Nesi akashusha pumzi, akaingia ndani kufuata sukari. Alikawia. Mtaalamu hakuhitaji muda mrefu: alifungua boneti, akachomoa plagi, akalegeza skrubu mbili, akaitoa sensa. Halafu akapitisha kidole kwenye nywele zake, akapata mafuta ya kutosha, akakipaka kile kiwaya taratibu kama mtu anayempaka mtoto. Mama aliporudi na sukari, boneti ilikuwa imefungwa na Mtaalamu amekunja uso.

"Sipendi kumtisha mtu mzima," akasema. "Lakini likianza kukohoa, nipigie simu."

Alhamisi simu ikalia.

Mtaalamu alifika na uso wa mazishi. Akawasha gari. Likakohoa, likatetemeka, likajikokota hatua tatu kuelekea geti la kushoto, likazimika. Akawasha tena, likazimika tena. Hakujaribu kingine chochote. Angejaribu nini? Ugonjwa aliujua, ameuleta mwenyewe kutoka kichwani kwake.

"Mama," akasema akishuka, "pole. Hii ni maiti. Injini imeoza ndani. Fundi mwingine atakudanganya ubadilishe hiki, ubadilishe kile. Mimi siwezi kumdanganya mama kama wewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Labda mimi nilichukue, nikauze vyuma. Nakusaidia tu kukuondolea mzigo."

"Nami nibaki bila usafiri?" Nesi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena ili aitazame vizuri pikipiki ya Mtaalamu. "Ile yako inakwenda?"

Mtaalamu naye akaitazama. Pikipiki ile ndiyo miguu yake, ndiyo kazi yake, ndiyo kitu pekee mjini ambacho hakukipata kwa domo. Lakini akaliona gari jeupe limesimama mlangoni kwa wakwe, akajiona anashuka na suti yake, na shangazi asiyemjua anaanguka chali kwa heshima.

"Inakwenda, mama. Lakini wewe na pikipiki..."

"Nilikuwa nazalisha watu vijijini kwa pikipiki kabla hujazaliwa. Na helmeti uiache. Na hilo koti la ngozi, maana asubuhi kuna baridi."

"Koti pia?"

"Basi tuache, baba. Nitamwita fundi mwingine aitazame hiyo maiti."

Koti likavuliwa haraka. Wakaandikishana karatasi mbili, kila mmoja na yake. Kabla ya kutia saini Nesi aliinua kalamu, akamwangalia tena, na safari hii bila tabasamu.

"Mwanangu, nakuuliza mara ya mwisho. Huna la kuniambia?"

"Ninalo, mama. Una bahati sana kukutana na mimi."

Nesi akatia saini.

Gari likatoka kwa geti la kushoto likikohoa, likazimika mara kumi na moja njiani, na Mtaalamu akalipaki kando ya barabara pana mbele ya chumba chake, akicheka peke yake mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa akaifanya kazi ambayo, lazima tukiri, aliifanya kwa heshima. Aliitoa sensa akiishika kwa ncha za vidole, akaiingiza chumbani, akaiweka juu ya gazeti kwenye meza ya chakula. Akanawa mikono kwa sabuni. Hakutumia kitambaa wala mswaki, kwa sababu kile kiwaya ukikigusa kinakatika. Akashika kopo la dawa, akapuliza kwa mbali, kidogo, akasubiri, akapuliza tena. Mafuta ya asumini yakateremka kwenye gazeti, doa moja baada ya jingine. Alipokuwa anasubiri ikauke, Mshonaji akapiga simu.

"Unafanya nini?"

"Naosha kitu kidogo. Nyumbani kwenu wazima?"

"Wazima. Tunacheka tu huku. Shangazi kapata pikipiki."

"Mwambie avae helmeti," akasema Mtaalamu, akiigeuza sensa kwenye mwanga wa dirisha.

"Anayo."

"Vizuri. Wazee siku hizi wanajitahidi."

Na huyu, jamani, ndiye mtu aliyejiita mtoto wa mjini.

Sensa ilipokauka kabisa akairudisha mahali pake, akakaza skrubu mbili, akachomeka plagi, akawasha. Injini ikanguruma taratibu, laini, bila kukohoa hata mara moja. Mtaalamu akaizima haraka ili asiichoshe. Jumamosi nzima alishinda analiosha gari na kulifuta, na hakulisogeza hata hatua, asije akalitia vumbi.

Jumapili saa nne akaliendesha mbele, na mbele, na mbele, mpaka kwenye uchochoro wa kina Mshonaji. Ulikuwa mwembamba, kuta huku na huku, na mwisho wake ni ukuta mwingine. Siku zote alikuwa anamshusha Mshonaji pale kona. Leo akaingia nalo mzima mzima, honi juu, majirani wakijibanza milangoni kumpisha, akasimama mbele ya mlango wa mwisho, pua ya gari ikikaribia kuubusu ukuta. Akashuka. Akanyoosha suti. Akainua macho.

Mbele ya mlango ilikuwa imeegeshwa pikipiki yake. Kando ya pikipiki, kwenye kiti cha heshima, alikaa Nesi, amevaa koti la ngozi linalomfika magotini, helmeti mapajani.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umechelewa kufika. Mimi nilikutegemea tangu Jumanne."

Mtaalamu akaitazama pikipiki, akalitazama koti, akaitazama helmeti.

"Picha yako naiona kila siku kwenye simu ya huyu mtoto," Nesi akaendelea. "Ulipogonga geti nikasema, kijana ana adabu, kaja kujitambulisha kabla ya siku. Nikatoa vikombe vyangu vya maua. Kumbe umekuja kunipakia mafuta ya nywele kwenye gari. Boneti nzima inanukia asumini."

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Alimtazama Mtaalamu, akaitazama suti aliyoishona, kisha akatazama chini. Hicho ndicho kilichomuuma, kuliko pikipiki.

"Mama... shangazi... naomba nieleze," akaanza.

"Utaeleza. Kwanza toa gari, umeziba njia ya watu."

Mtaalamu akaingia garini kwa furaha ya mtu aliyepata pa kukimbilia. Akawasha. Injini ikaitika vizuri kabisa. Akaweka gia ya nyuma, akakanyaga. Gari likanguruma, lisiende popote. Akatoa gia, akaiweka tena, akakanyaga zaidi. Hata hatua.

"Halina rivasi," akasema Nesi, akipuliza chai yake. "Ilikufa mwaka jana. Ndiyo maana nikatoboa ukuta nikaweka geti la pili. Wanunuzi wamekuja saba, na kila mmoja akijaribu kurudi nyuma ananirudishia ufunguo. Ila wewe ulilipaka gari mafuta, likawa haliwezi hata kwenda mbele, nani angekumbuka kujaribu rivasi? Asante, baba. Ulinisaidia sana."

Uchochoro mzima ukacheka, mpaka baba mpole asiye na neno akalazimika kuingia ndani.

Ilibaki njia moja tu. Mshonaji akaingia nyuma ya usukani, akaweka gia huru. Mtaalamu akaenda mbele, akajibana kati ya boneti na ukuta, akaweka mikono miwili, akasukuma. Sasa, Mtaalamu alikuwa na mazoea ya kusema na watu huku anaangalia pembeni. Lakini ukisukuma gari kurudi nyuma, ndugu zangu, huna pembeni. Uso wake ulikuwa mbele ya kioo, na ng'ambo ya kioo ni uso wa Mshonaji, na mwanzo wa uchochoro uko mbali.

Mshonaji akashusha dirisha.

"Umewafanyia wangapi hivi?"

"Wachache."

Akakanyaga breki. Gari likagoma.

"Wengi," akasema Mtaalamu, jasho likimtiririka. Breki ikaachiwa. "Mwenye duka la dawa. Mwalimu wa hesabu. Yule mzee wa kuuza matairi, mara mbili."

"Na gari lilikuwa la nini?"

Akasukuma hatua nne. Mshono wa bega ukaachia, na wote wawili waliusikia.

"Niliogopa," akasema. "Niliona nikija hivi hivi nilivyo, hamtanitaka."

Breki haikukanyagwa tena mpaka barabarani.

Pale Nesi, aliyewafuata polepole na pikipiki, akapita mbele, helmeti kichwani, akaanza kusimamisha magari mengine kwa mkono. "Gari nalichukua," akamwambia Mtaalamu. "Si ulisema ni maiti? Nakusaidia tu kukuondolea mzigo."

"Na pikipiki, shangazi?"

"Pikipiki tumeandikishana."

Mshonaji akawasha injini. Mtaalamu akashika dirisha, suti imechanika, mikono imetapakaa vumbi.

"Na jibu langu?"

Mshonaji akaisikiliza injini kidogo, kichwa kimeinama upande.

"Sensa umeisafisha vizuri," akasema. "Kwa hiyo kumbe unaweza. Anza na mwenye duka la dawa, halafu mwalimu, halafu mzee wa matairi, wasafishie wote bure. Ukimaliza, njoo tena. Kwa miguu. Na hiyo suti uilete, nitaishona."

Gari likaondoka mbele, ndiyo njia pekee linayoijua, pikipiki ikilifuata na koti la ngozi linapepea. Mtaalamu alibaki kandokando ya barabara, na kwa mazoea ya kazi akatega sikio, akisubiri lipige japo kikohozi kimoja. Halikukohoa.