Amina wa Mume Wangu

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ishirini na sita ya ndoa. Mume wangu kaamka kabla yangu, kapika chai, kaniletea kitandani, kamwaga nusu kwenye shuka. Nusu iliyobaki nimeinywa huku nikimtazama akifuta. Mwanamke gani ana bahati kama yangu? Mume wangu! Napenda kuyaandika maneno haya mawili. Mume wangu, mume wangu.

Ni fundi wa vitasa na kufuli. Mlango wa kumshinda haujatengenezwa. Moyo wangu aliufungua kwa dakika kumi, siku alipokuja dukani ninapofanya kazi kutoa fotokopi ya picha za funguo. Upande mmoja tu, nyeusi na nyeupe. Mashine ilikwama. Nikakwama na mimi.

Ana kasoro moja. Haamini Mungu. Alinieleza mapema, kwa upole, kama mtu anayekwambia hali vitunguu. Nikamwambia mapenzi yetu yanatosha. Sikumwambia kwamba Mama nilishamweleza kuwa mchumba wangu ni mcha Mungu wa ajabu, ila husali kimoyomoyo.

Leo Mama kapiga simu. Anakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita kula nasi chakula cha mchana, mara ya kwanza tangu harusi. Na Mama hagusi chakula bila kukiombea. Sala yake hudumu mpaka mchuzi unaganda. Mwishoni kila aliye mezani lazima aitikie, na Mama husikiliza vinywa kimoja kimoja. Kimoja kikinyamaza, atajua nilimdanganya. Na Mama hasahau! Dada yangu alimdanganya kuhusu sahani iliyovunjika, miaka kumi na moja iliyopita. Mpaka leo akienda nyumbani hupewa chai kwenye kikombe cha plastiki, wakati sisi wengine tunapewa vya udongo vyenye maua.

Mpango: mume wangu ataitikia. Neno moja tu!

Nikamgusia tukila. Akasema yeye ana akili wazi kuliko waumini wengi, anamheshimu kila mtu na imani yake. Nikamwambia vizuri sana, basi Jumapili hiyo aseme Amina. Akaweka kijiko chini. Akasema hiyo ni kama kutia sahihi barua ambayo hujaisoma. Nikamwambia Mama hasali kwa maandishi.

Nimeamua kumwekea alama nyuma ya daftari hili. Akili wazi: nne kwa kumi. Baadaye kanibusu kwenye paji la uso. Nimezipandisha zikawa saba.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeenda kuangalia mzizi wa tatizo. Mume wangu na wenzake sita wasioamini hukutana kila Jumamosi saa tisa, kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi. Kikundi chao kinaitwa Mlango Wazi. Nimekuta mlango umefungwa kwa komeo. Nikagonga mara tatu. Eti wanazuia upepo.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa kemia, wanamwita Profesa. Kila wiki huchagua neno moja, huliandika kwenye karatasi, hulibandika ukutani, kisha wanalichambua. Leo lilikuwa Akili. Ana mwandiko wa kupindapinda, wenye mikia, kama wa kadi za harusi.

Akaniita shemeji, akanipa kiti chenye mto. Akasema hapa mgeni husema lolote bila woga, muumini hasa, kwa kuwa wao hawazibi masikio kama wenzetu. Nikashukuru. Nikaanza kueleza kwa nini naamini. Akanikatiza, akaeleza yeye kwa nini mimi naamini. Ni utoto, hofu, giza, na radi. Nikasema radi siiogopi. Akasema naiogopa ila sijui. Kanikatiza mara tisa, nilikuwa nahesabu kwa vidole. Mara ya tisa nilitaka tu kuuliza choo kiko wapi.

Ndipo mume wangu aliposimama. Akasema mke wake hajamaliza sentensi hata moja tangu aketi, na kama huu ndio mlango wazi, basi yeye kama fundi anaona kitasa kina hitilafu. Jamani! Nilitaka kumrukia shingoni mbele ya watu. Profesa akanuna, akasema labda siku nyingine wanachama waje peke yao.

Profesa: sifuri. Mume wangu: nane, na moja ya nyongeza kwa ajili ya mabega yake alivyosimama.

Njiani nikamwuliza tena kuhusu Amina. Akasema bado anafikiri. Nikamwuliza akili wazi gani hii inayofikiri siku mbili nzima? Akasema iliyofungwa ndiyo hujibu papo hapo. Nimemwondolea mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili. Mtego! Kila mtu humtaja Mungu bila kukusudia. Nikimnasa mara moja tu, nitamwambia umeona, ulimi wako unaamini, usiubishie.

Asubuhi kaniaga, akasema tutaonana jioni tukijaliwa. Nikaruka! Tukijaliwa na nani? Akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, akafikiri sana. Akasema na madereva waangalifu.

Jioni nikaangusha sufuria nyuma yake makusudi. Akasema haki ya. Akanyamaza. Akamalizia: haki ya fundi.

Mwisho nikajificha nyuma ya mlango wa stoo ili nimshtue. Mlango ukajifunga. Kitasa kile amekuwa akisema atakitengeneza tangu tuhamie. Giza, mende, mfagio umenichoma ubavuni. Nikapiga kelele: Mungu wangu, nitafia humu! Akaja na bisibisi, akafungua kabla sijamaliza kulia. Kwa hiyo aliyemtaja Mungu leo ni mimi, na aliyefungua ni yeye. Na hakusema neno! Profesa angehutubia mpaka kesho. Yeye kanipangusa vumbi tu, kaniuliza kama nimeumia.

Nimemwondolea moja. Alitabasamu.

Jumatano, 12 Machi

Balaa.

Yule mshonaji, ambaye chumba chake kinatenganishwa na karakana ya mume wangu kwa ubao tu, kaja dukani kutoa fotokopi. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia bi harusi, keti kwanza. Nikaketi. Akasema tangu jana mume wangu amejifungia peke yake na anataja jina la mwanamke. Mara polepole. Mara kwa nguvu. Mara kwa sauti ya kubembeleza, akivuta mwishoni. Tena jana alikuwa kwenye simu, upande wa pili sauti ya kike, akamwambia sawa, ngoja nirudie.

Jina lenyewe Amina.

Amina!

Mshonaji akasema yeye si mtu wa kupeleka maneno. Ndiyo maana kaniambia mimi tu, na fundi viatu, na wateja wake.

Siku ya thelathini na mbili ya ndoa! Chai bado ananiletea! Nimetoa nakala arobaini za cheti cha mtu, zote kichwa chini. Najaribu kukumbuka jina hilo nimelisikia wapi siku za karibuni. Linanijia, linaniponyoka.

Nani huyu Amina? Sina rafiki Amina. Sina wifi Amina. Nimefuta alama zote.

Ijumaa, 14 Machi

Upelelezi. Nimeomba ruhusa kazini nikisema jino linaniuma. Nimeingia kwa mshonaji kwa mlango wa nyuma, nimeweka glasi ukutani, sikio kwenye glasi. Kwanza tupa inakwangua ufunguo. Kwaru, kwaru. Kisha sauti ya mume wangu. Amina. Kwaru, kwaru. Amiiina. Akaguna. Akasema: ndefu mno.

Ndefu! Nini ndefu? Shingo? Miguu? Nywele? Zangu zinaishia masikioni!

Glasi ikaniponyoka ikavunjika. Akaja mbio kuona kulikoni. Nikamwambia nimekuja kupimwa gauni. Mshonaji hakupoteza nafasi, akatoa futi yake pale pale. Sasa nashonewa gauni la zambarau nisilolitaka.

Tukirudi nikamwuliza kwa ujanja kama anamjua mtu ambaye jina lake linaanza na A. Akataja baba yake mdogo. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Nikakimbilia jikoni kulia. Aliniuliza kulikoni nikasema vitunguu. Akatazama. Vitunguu vilikuwa bado kwenye mfuko.

Mambo ya sala nimeyaacha. Mtu ahangaike na sala, ndoa yenyewe inaungua? Mama akigundua uongo wangu, na agundue. Nitarudi naye nyumbani.

Jumapili, 16 Machi

Vyombo bado havijaoshwa, lakini lazima niandike.

Mama kaja saa sita kamili, na mkoba wake mkubwa. Kamkumbatia mume wangu, kamwita mwanangu. Roho ikaniuma. Laiti ungejua, Mama! Nimeandaa kuku wa kuoka na mchuzi wake. Tukaketi watatu. Mama akatuambia tuombe.

Nikafumba jicho moja. Lingine nikalibakiza kwa mume wangu. Yake yote mawili yalikuwa wazi, akitazama sahani kwa adabu, mikono magotini. Mama akashukuru kwa chakula. Akaniombea. Akamwombea mkwe wake na mikono yake inayowafungulia watu waliokwama nje. Akanyamaza. Basi! Dakika moja! Mchuzi ulikuwa bado unafuka moshi.

Nikajua ndiyo mwisho wangu. Ndipo mume wangu, kwa sauti nzuri, ya wastani, isiyovutwa, akasema: "Amina."

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Nikapiga ukelele uliofika barabarani: "Hata mbele ya mama yangu? Hata mezani unamtaja? Huyo Amina ni nani?"

Mama akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa. Mume wangu akakiinua kiti changu. Akaniuliza taratibu ni nani aliyemwomba aseme neno hilo.

Jamani.

Jamani!

Yote yakatoka. Kumbe siku ile alipokuja kwetu kujitambulisha, nilipokwenda jikoni kuchukua soda, alimwambia Mama mwenyewe kwamba haamini na hawezi kuigiza. Mama akamshukuru. Anasema wakwe zake wawili wa kwanza waliapa kuwa wacha Mungu, na mpaka leo hawajui nyumba ya ibada imepakwa rangi gani. Tangu siku hiyo wanapigiana simu kila Jumanne. Yeye anamwuliza Mama anapata nini kwenye sala. Mama anamwuliza mtu anawezaje kulala bila kusali. Hakuna aliyemgeuza mwenzake, na hakuna aliyekata simu.

Jumanne hii alipiga kuuliza kama ni dharau mtu asiyeamini kusema Amina. Mama akamjibu inategemea anamaanisha nini. Mume wangu akasema atamaanisha: na mimi nawatakia hayo hayo, Mama. Mama akasema hiyo inatosha, hata yeye siku nyingine hamaanishi zaidi ya hapo. Akamfundisha kuitamka kwenye simu, maana alikuwa anaivuta kama anaita mbuzi. Na kwa upande wake Mama akaahidi kufupisha sala. Kafanya mazoezi wiki nzima akitazama saa ya ukutani.

Kwa hiyo Mama alijua. Miezi yote hii, kila niliposifia sala za kimoyomoyo, alikuwa anajua!

Hakunigombeza. Baada ya kula akaomba chai. Akafungua mkoba wake mkubwa, akatoa kikombe cha plastiki, cha kijani, akakiweka mbele yangu.

Alikuja nacho.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri kwa utulivu. Hesabu iko wazi: nilitaka mume wangu aitikie Amina, na ameitikia. Mpango umefanikiwa!

Habari zimemfikia Profesa kupitia mshonaji. Kaja karakana kufoka kwamba mwanachama wa Mlango Wazi amesema Amina mbele ya mashahidi. Mume wangu kamwambia akili iliyo wazi kwa watu saba wanaokubaliana bado ni stoo. Profesa alipotoka alisema suala hili litajadiliwa. Shujaa wangu! Kumi kwa kumi! Nimezipigia mstari chini mara mbili.

Nimeapa mambo matatu. Sitamsikiliza tena mshonaji. Sitatega sikio ukutani. Nitamwamini mume wangu kwa moyo wote, maisha yangu yote.

Chai nimeinywa kwenye kikombe cha kijani. Si kibaya sana.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya thelathini na tisa ya ndoa. Jua zuri. Nilikuwa nafua shati lake, lile la bluu, nikilinusa kwanza, nikiimba. Mfukoni kuna karatasi.

Mwandiko wa kupindapinda, wenye mikia, kama wa kadi za harusi. Mwandiko wa kike kabisa! Umeandika hivi: "Imani. Jumamosi saa tisa. Njoo peke yako."

Imani!

Nimeketi kwenye beseni bila kujua. Nimeloana mpaka kiunoni. Kumi zote nimezifuta. Nimeshampigia mshonaji, ana glasi nyingine, nene zaidi, na gauni la zambarau liko tayari, rangi yake inaoana na mapazia ya pale kwake, hivyo sitaonekana.

Yule Amina angalau nilikuwa nimeanza kumzoea.