Pedali ya Shueib na Ngoma za Kithaka

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeachana na Kithaka. Kimuziki, yaani. Miaka kumi na miwili mimi gitaa, yeye ngoma, na juzi kwenye sherehe ya kanisa hapa Mikinduri MC akasimama akamshukuru mpiga ngoma. Mpiga ngoma! Kisha akaomba watu wafumbe macho kwa sala ya kufunga. Mimi niliyesimama na gitaa saa tano mfululizo sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Kithaka akapewa paja la mbuzi. Mimi nikapewa mbavu, tena zilizopoa.

Leo nimeenda kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma nikamwambia kwamba mtu mwenye heshima angelikataa lile paja. Akasema lilikuwa tamu sana. Basi, imetosha.

Tatizo ni moja tu. Jumamosi hii Mzee Mbaka wa Muthara anamwoza binti yake Igoki kwa Nthiga, kijana wa Embu. Wageni watakuja na mabasi mawili kutoka Siakago. Mzee ametuita sisi wawili, nami nimemwambia bendi itafika bila wasiwasi. Nikiharibu harusi ya Mbaka, hakuna sherehe kutoka Muthara hadi Maua itakayoniita tena. Nitabaki kunyoa watu nywele mpaka nife.

Lakini nina akili! Mchana nilipanda Maua, dukani kwa Shueib, anayeuza spika na vyombo vya muziki. Akanionyesha kijisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani. Pedali. Unakanyaga, unapiga gitaa, unakanyaga tena, kinarudia ulichopiga bila kuchoka. Unapiga kingine juu yake, navyo vinakwenda pamoja. Watu wanasikia bendi, kumbe ni Mukiri peke yake! Tena kina kidude cha mwangwi. Ukiimba neno, linarudi nyuma yako mara tatu, mara nne, likififia. Nilitaka kulia pale dukani.

Shueib akasema nijaribu hadi Jumatatu ijayo, ila niache dhamana. Gitaa nalihitaji. Nikakumbuka ngoma za Kithaka. Huwa anaziweka kwangu kwa sababu ya cheche za karakana. Nikajiuliza: zile ni ngoma za bendi, na bendi imekufa, sasa ni za nani hasa? Kabla ya saa kumi zilikuwa Maua, zimepandishwa na pikapu ya miraa.

Shueib alinieleza matumizi. Mguu mara moja ni kurekodi. Mara moja tena ni kufunga mzunguko. Ukikanyaga tena unaongeza sauti nyingine. Kusimamisha ni mara mbili haraka haraka. Na kitu cha muhimu, gitaa pekee ndilo lipite kwenye pedali, maiki isipite kabisa. Nikamwambia najua. Akataka kurudia. Nikamwambia ndugu yangu, nilianza muziki wewe ukiwa unanyonya.

Jumatano, 13 Agosti

Mazoezi. Nimepitisha maiki kwenye pedali. Shueib ni mfanyabiashara, si msanii. Sauti yangu yenye mwangwi ni jambo ambalo Tigania nzima inastahili kusikia.

Nikiwa katikati ya kurekodi, mke wangu Karwirwa akapiga kelele kutoka nje: "Mukiri! Ng'ombe ameingia kwa sukuma!" Nikakimbia, nikamtoa ng'ombe, nikarudi. Pedali ilikuwa imemrekodi. Kila baada ya muda, gitaa tamu, halafu ng'ombe ameingia kwa sukuma. Nikasema si kitu, nitafanyia mazoezi juu yake. Nikapiga karibu saa nzima.

Kumbe ng'ombe aliingia tena. Kumbe Karwirwa aliniita tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikadhani ni pedali. Nikawa hata natikisa kichwa nikifurahia.

Sukuma imeisha yote. Karwirwa haongei nami. Nimemweleza kwamba kosa ni la kiufundi. Ameniwekea chakula cha jioni bila mboga, bila maelezo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kithaka alikuja asubuhi kuchukua ngoma. Anataka kubadilisha ngozi ya ile kubwa. Nikamwambia ufunguo wa stoo umepotea. Akasema yeye ni fundi wa vyuma, anaweza kufungua kufuli yoyote. Nikamwambia kufuli hii ni ya urithi. Akaniangalia. Akasema atarudi mchana.

Nikafanya kazi kama punda. Pipa la maji, beseni mbili, kigoda, vifuniko vya sufuria juu ya vijiti vya ufagio, halafu turubai juu ya vyote. Aliporudi nikamwonyesha kupitia dirishani. Akachungulia kwa muda mrefu. Akasema ngoma zake zimenenepa. Nikamwambia ni kivuli.

Halafu akanipa habari mbaya. Jumamosi atakuwepo! Si kama mpigaji, kama mgeni. Nthiga, bwana harusi, ni mtoto wa ukoo wao huko Siakago. Miaka kumi na miwili na hajawahi kuniambia kwamba kwao ni Siakago. (Karwirwa anasema Kithaka amenialika huko Krismasi nne.) Akauliza nani atanipigia ngoma. Nikamwambia nina watu.

Jumamosi, 16 Agosti

Lazima niandike kabla sijalala.

Tulianza vizuri! Hema lilijaa, wa Meru upande huu, wa Embu upande ule. Pasta akaomba kupitia maiki yangu. Aliposema amina, mwangwi ukasema amina mara nne, na watu wakaitikia mara nne. Pasta alionekana kuridhika sana na nafsi yake.

Halafu Mzee Mbaka akasimama kukaribisha wageni. Akasema karibuni. Pedali ikasema karibuni, karibuni, karibuni. Mzee akageuka nyuma. Akauliza ni mtoto wa nani anayemwigiza. Akasema humu hemani kuna mtu aliyekosa malezi, na yeye hana haraka, atangoja anyamaze. Akangoja. Kimya. Akaanza upya, akaigizwa upya. Nilipunguza kile kidude polepole huku nikiangalia paa la hema.

Ukafika wimbo wa majina. Ndio wimbo wenyewe wa harusi kwetu. Mwimbaji anaita mtu kwa jina, naye anatoka akicheza na zawadi mkononi mpaka mbele ya maharusi. Ukiitwa hukatai. Hata kama huna kitu, unamnyang'anya jirani yako mwamvuli unatoka nao.

Nikakanyaga. Nikapiga gitaa. Nikaanza na mkubwa wa wageni, Mzee Muchangi, mjomba wa bwana harusi. "Muchangi wa Siakago, tokea tukuone!" Nikakanyaga kufunga mzunguko. Gitaa likaanza kujirudia lenyewe, nami nikainua mikono juu watu waone. Vigelegele! Muchangi akatoka kwa madaha na blanketi, akalitoa, akarudi kukaa.

Hajagusa kiti. "Muchangi wa Siakago, tokea tukuone!"

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Ilikuwa maiki. Maiki ndani ya pedali.

Mzee akashangaa kidogo, akarudi na kibuyu cha asali. Akakaa. Akaitwa. Akavua koti akalitoa. Akaitwa. Akatoa kofia. Watu wa Embu wakaanza kumpitishia vitu chini chini: redio ndogo, chupa ya chai, leso ya bibi mmoja. Upande wetu ukaanza kunong'ona kwamba kumbe hawa Wambeere wa Siakago wana mali.

Nikakanyaga kuzima. Mara moja! Mara moja ni kuongeza. "Ngai, hii kitu inazimwa wapi?" nikasema, na nayo ikaingia. Sasa Muchangi alikuwa anaitwa, halafu anaulizwa hii kitu inazimwa wapi. Nikakanyaga tena. Nikampigia Karwirwa kelele achomoe waya. Hiyo pia ikaingia. Karwirwa akachomoa waya wa taa za keki. Nikapiga pedali teke, mwangwi ukazidi. Hema zima likawa linamwita Muchangi kutoka kila kona.

Ndipo mzee akasimama, amebaki na fulana. Hakupaza sauti. Akasema walileta mbuzi wote wa mahari waliokubaliwa, wakaja kwa moyo safi, lakini hakuna aliyewaambia kwamba huku mkwe anavuliwa nguo mbele ya watoto. Wazee wa Embu wakasimama. Nthiga naye akasimama. Igoki akaanza kulia ndani ya shela yake. Dereva mmoja wa basi akaenda kuwasha gari, kweli kabisa.

Niling'oa pedali na nyaya zake zote. Kimya kikaingia. Mzee Mbaka aliniangalia, na nikaona nimekwisha. Binti wa watu atarudi nyumbani bila mume kwa sababu ya mguu wangu. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa.

Kithaka akatoka katikati ya wageni. Akamwendea Muchangi akazungumza naye Kimbeere. Nilishika jina langu tu, na neno la mjinga, ambalo halitofautiani sana na letu. Alilisema mara nyingi. Akaonyesha pedali. Akaonyesha mguu wangu. Muchangi akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Mzee Mbaka akachukua lile koti akamvisha kwa mikono yake mwenyewe, akamwongezea blanketi kutoka kwake. Dereva akazima basi.

Kithaka akapindua mtungi wa maji uliokuwa tupu, akakaa juu ya kreti ya soda, akaanza kupiga. Sikuambiwa kitu. Nikachukua gitaa nikaingia. Akina nyanya wa Siakago wakainuka kwanza, wetu wakafuata, na hawakukaa mpaka jua likaelekea kuzama.

Kithaka aliniinamia bila kukosa pigo hata moja. "Wee Mukiri, mbona napiga mtungi na niko na ngoma?" Nikamwambia tutaongea. Akasema ndiyo, tutaongea.

MC alimshukuru mpiga ngoma.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekiri. Baada ya kanisa, nyuma ya karakana yake. Nilianza na hadithi ya wezi, akaniambia ameshaona beseni zangu chini ya turubai, niruke hiyo sehemu.

Nilipotaja dhamana alikaa chini. Halafu akasema ile ngoma kubwa aliachiwa na baba yake, na kwamba aliileta kwangu kwa sababu katika Mikinduri yote ni nyumba yangu peke yake aliyoiamini. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga kwa nyundo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: jana, mtungi ulipoanza kulia nyuma yangu, nilifurahi kuliko siku zote za wiki hii. Vidole vyangu vilijua pa kwenda. Hakuna pedali inayoweza kunisubiri nikikosea, halafu inichukue pale nilipoangukia. Kithaka hufanya hivyo kila wimbo, na hajawahi kunidai asante.

Akanipa ufunguo wa pikipiki yake. Kesho nirudishe pedali, nilete ngoma, na Jumamosi ijayo tunapiga huko Mitunguu, wawili kama zamani. Nikamshika mkono. Nikaapa mbele ya mke wake kwamba mimi na mitambo basi, nimepona.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimetimiza ahadi. Pedali imerudi kwa Shueib bila mkwaruzo mkubwa. Ngoma zimerudi kwa Kithaka salama, zote, nimemteremshia karakanani mchana kwa pikapu ya miraa. Hakuwepo, ameenda kuchomelea geti Muthara, lakini mke wake amezihesabu na ameridhika.

Mimi ni mtu wa neno langu.

Sasa, pale dukani Shueib alikuwa anafungua mzigo mpya. Sikuuliza kitu. Yeye mwenyewe aliweka mezani kijisanduku chenye vitufe kumi na sita, akabonyeza kimoja. Ngoma! Ngoma tupu, safi, hazichoki, hazina ukoo Siakago, hazipewi paja. Nami simfukuzi Kithaka, Mungu ni shahidi. Ni akiugua tu. Mpiga ngoma anaweza kuugua wakati wowote. Nafikiria afya yake.

Na safari hii si pedali. Kitu cha mguu ndicho kiliniponza, hiki ni cha vidole, na vidole vyangu vinajulikana. Shueib alianza kunieleza jinsi ya kukizima. Nikamwambia najua.

Alitaka dhamana hadi Jumatatu ijayo. Ngoma nisingeweza, nilikuwa nimeapa. Nikatazama nje ya duka, pale nilipoiegesha pikipiki.

Kithaka amepiga simu jioni hii. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Amesema Mungu anibariki kwa ngoma, akauliza kama pikipiki ilinisumbua njiani wakati wa kurudi. Nimemwambia ukweli mtupu: haikunisumbua hata kidogo.