Waraka wa Njia Kamili

Ilitangazwa kwa furaha kubwa, mbele ya maua ya plastiki, kwamba Idara ya Mpangilio wa Taarifa imelikomesha neno "hapa". Kuanzia Jumatatu, kila data kwenye mfumo, kila faili na kila mtumishi vitatajwa kwa njia kamili inayoanzia Lango Kuu: jengo, ghorofa, chumba, kabati, rafu. Njia zinazotegemea aliposimama msemaji, kama "jirani yangu" au "ngazi moja juu", ni marufuku. Maonyo matatu, kazi huna, bila kujali cheo. Mkurugenzi alieleza kwamba hakuna nchi iliyoendelea kwa kusema "pale pale". Watu walipiga makofi sana, maana chai ilikuwa bado haijaletwa.

Bi Masjala, mtunza mafaili kwa miaka ishirini na sita, alikuwa na maonyo mawili kufikia Jumatano. La kwanza alimwambia mgeni, "Mlango unaofuata, baba." La pili aliulizwa miwani yake iko wapi, akajibu, "Usoni." Ilibaki miezi miwili astaafu. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli, akaapa kutoteleza tena.

Alhamisi Mkurugenzi akaingia kukagua stoo iliyopakana na masjala. Mlango ukajifunga, kitasa kikamng'okea mkononi.

"Bi Masjala! Niko hapa!"

"Hapa wapi, mheshimiwa?"

"Si nipo pembeni yako, mama! Mwite fundi!"

Bi Masjala alifungua Daftari la Maonyo, ambalo kulijaza ni kazi yake, akaandika mistari miwili kwa jina la Mkurugenzi, kwa mwandiko mzuri.

"Nitamwita sasa hivi. Ila nipe njia kamili, bosi wangu. Nina watoto wanasoma."

"Lango Kuu, Jengo la Pili, Ghorofa ya Kwanza, Chumba cha Tisa."

Fundi akaondoka na bisibisi yake. Bahati mbaya, asubuhi ile ile Mkurugenzi alikuwa amelihamishia Lango Kuu upande wa nyuma, gari lake lisipigwe na jua. Ukihesabu kutoka huko, Jengo la Pili ni jiko. Fundi akatengeneza kitasa cha huko kilichokuwa kizima, akapewa chapati, akarudi kuripoti kazi imekwisha. Akatumwa tena. Akapewa chapati nyingine.

Saa tisa, fundi aliporudi tena masjala, Mkurugenzi alishindwa kuvumilia. "Fundi! Mlango ulio nyuma yako, mjinga wewe!"

Mlango ukafunguliwa dakika hiyo hiyo. Mstari wa tatu nao ukaandikwa.

Naibu, aliyekingoja kiti cha Mkurugenzi miaka tisa, alisoma daftari, akahuzunika sekunde mbili, akatia sahihi. Mkurugenzi akabaki ushorobani amekumbatia boksi la vitu vyake, akitazama kulia na kushoto.

"Bi Masjala, siku hizi watu wanatokea wapi kwenda nje?"

Bi Masjala aliupekua waraka kwa heshima zote, ukurasa kwa ukurasa.

"Pole, baba. Zimo njia zote zinazoanzia Lango Kuu. Ya kwenda langoni hukuiandika."