Vyungu Sita vya Mzee Nailoni

Siku tangazo lile liliposomwa redioni, Sabuni alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, povu shavuni. Mtangazaji alisema kwamba kuanzia mwaka ujao, mfuko wowote wa kufungia bidhaa usioweza kuoza ukizikwa ardhini hautaruhusiwa kutengenezwa wala kuuzwa. Waliokuwa wakisubiri zamu hawakujali, maana mifuko si mambo ya mtu mwenye nywele ndefu. Lakini mzee wa kiti cha jirani aliinuka na nusu ya ndevu zake, akamwambia kinyozi aongeze sauti, kisha akasimama palepale kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kinyozi akamnong'oneza Sabuni, "Huyo ndiye mwenye kiwanda cha mifuko ya mkate. Wanamwita Mzee Nailoni."

Kuna watu wakimwona mwenzao ametumbukia mtoni hukimbilia kamba, na kuna wanaopiga mayowe. Sabuni alikuwa wa kundi la tatu, la wale wanaouza kamba.

Jina la Sabuni hakupewa na wazazi. Alipewa na mji, kwa sababu kila mkono uliojaribu kumshika ulibaki mtupu, tena msafi. Aliwahi kuwauzia miwani ya kusomea watu wasiojua kusoma, akiwahakikishia kwamba tatizo lao siku zote lilikuwa macho. Kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hana subira na kazi.

"Pole, mzee," alisema, akijifuta povu. "Tangazo kama hilo mimi lisingeninyima usingizi. Ila ndiyo hivyo, dawa yenyewe bado ni siri."

"Dawa gani?"

"Si nimekwambia ni siri."

Akanyamaza. Sabuni kunyamaza ni jambo lililotokea mara chache sana, na kila lilipotokea kuna mtu alijuta baadaye. Mzee Nailoni akamlipia kunyoa, akamshika mkono, akamwingiza kwenye gari.

Njiani siri ilitoka yote. Ilikuwa dawa ya kupaka. Unachukua mfuko wako uleule wa plastiki, unaupaka utando mwembamba usioonekana kwa macho. Ukiwa dukani ni mfuko. Ukizikwa, unaoza kama jani.

"Na mashine zangu?"

"Hutabadilisha hata skrubu."

Mzee Nailoni alishusha pumzi. Wataalamu wa kweli walikwisha kumjia mara mbili, wakamwambia abadilishe malighafi na nusu ya mitambo, naye akawafukuza. Alitazama nje ya dirisha, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kama hauozi hasa, lakini mkaguzi akaona umeoza?"

Sabuni alimtazama kwa heshima mpya. Mtu wa namna hii huwezi kusema umemtapeli. Unamsindikiza tu alikokuwa akienda.

Wakakubaliana hivi: mifuko sita iliyopakwa dawa itafukiwa kwenye vyungu sita vya maua, barazani mwa ofisi ya mzee. Baada ya siku arobaini vitafukuliwa mbele ya mkaguzi. Ikiwa imeoza, mkataba unaanza kazi, na mwenye dawa atalipwa kwa kila mfuko utakaotoka kiwandani. Sabuni akasaini kama mwenye dawa. Akapewa kitu kidogo cha kuanzia, ambacho kabla ya jua kuzama kilikuwa kimegeuka suti ya kijivu.

Kikabaki kikwazo kimoja. Mzee Nailoni alitaka kumwona mtaalamu.

Sabuni alikuwa na shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na arobaini na mmoja, na bado analala chumba cha uani kwa shangazi huyohuyo. Mama huyu alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini. Aliosha chupa, akapima unga na tindikali, na walimu walipokwama mbele ya wanafunzi, yeye ndiye aliyewanong'oneza jibu akiwa amesimama kwenye sinki. Alistaafu na koti jeupe, cheti, na saa ya ukutani isiyotembea.

"Shangazi, nataka uvae lile koti usimame nyuma yangu."

"Nifanye nini?"

"Usimame."

"Nikiulizwa swali?"

"Utikise kichwa polepole, kama mtu ajuaye jambo zito."

"Na kama nalijua kweli?"

"Hapo ndipo utaniharibia."

Shangazi alifikiri kidogo. Kustaafu kulikuwa kumemchosha kuliko kazi. "Haya," akasema. "Lakini nitahitaji mizani."

Mzee Nailoni aliliona koti jeupe, akaridhika, akawapa ghala la nyuma ya kiwanda liwe maabara. Sabuni alifika siku ya kwanza, akapiga picha akiwa ameshika chupa, akaondoka. Shangazi alibaki. Alipanguza meza, akafungua madirisha, akaichunguza ile dawa ya mpwa wake, ambayo ilikuwa uji wa wanga wenye siki na rangi kidogo ya kijani.

Jioni akamwambia, "Mwanangu, vijidudu vya udongoni havili plastiki hii, hata uipake nini. Ni sawa na kupaka jiwe asali. Sisimizi watalamba asali, jiwe watakuachia."

"Shangazi, hakuna aliyewaomba sisimizi wale jiwe. Siku ya thelathini na nane nitaingia pale barazani, nitoe mifuko, niweke vipande nilivyochanachana mwenyewe. Sisimizi ni mimi."

Shangazi hakubishana. Wiki ile, akipanga ghala, alikuta nyuma ya makreti mabunda manne ya utando mwingine, yamejaa vumbi. Mzee Nailoni aliyanunua zamani kwa kudhani ni plastiki rahisi. Kumbe ilikuwa plastiki ya mimea, inayooza vizuri, lakini ikikutana na unyevu tu inalegea kama kamasi. Ilishindwa hata kubeba mkate wa moto, ikatupwa huko.

Shangazi akavuta kiti. Alijaribu kuipaka mafuta, ikanata. Alijaribu wanga mtupu, ukapasuka. Siku ya tisa alichanganya nta ya nyuki na kitu alichokichuja kutoka kwenye maziwa yaliyoganda, akapaka upande mmoja wa utando, akauanika, akaufanya mfuko. Kisha akamimina maji ndani ya mfuko, akauning'iniza msumarini, akaenda nyumbani. Asubuhi aliukuta umetuna vilevile, haujadondosha hata tone.

Sabuni alipopita kuchukua koti kwa ajili ya picha nyingine, alimkuta anaongea peke yake kwa furaha.

"Njoo uone. Huu mpako unakinga maji mezani na dukani. Lakini ukifika udongoni, vijidudu vinaanza na nta, vikimaliza vinaingia kwenye mfuko wenyewe. Haubaki hata uzi."

Sabuni alikuwa na simu sikioni, akimbembeleza fundi cherehani aliyekuwa akimshonea suti ya pili. "Sawa, shangazi, sawa kabisa," akasema. "Hapana, si wewe, fundi. Kola iwe pana."

Siku ya kufukia mifuko, shangazi alikuja nayo sita mkononi, na Sabuni akatoa hotuba ndefu juu ya kizazi kijacho. Hakuitazama. Kwake yeye mfuko ni mfuko.

Siku ya thelathini na nane, saa ya chakula cha mchana, karani akiwa ametoka, Sabuni aliingia barazani na bahasha ya vipande vyake vilivyochanwa kwa ustadi. Akapiga goti kwenye chungu cha kwanza, akafukua. Hakuona mfuko. Akafukua hadi chini, akakuta udongo na nyungunyungu mmoja aliyeshiba. Akaenda cha pili. Kitupu. Alipofika cha sita, kola pana ya suti ilikuwa imelowa jasho.

Mtu mwingine angewaza kwamba mifuko imeoza. Wazo hilo halikumjia Sabuni hata kwa mbali. Alikuwa ameishi na uongo muda mrefu mno kiasi kwamba ukweli ulipomjia uso kwa uso, alidhani ni polisi. Ameshtukiwa. Kuna mtu kaichukua mifuko, na hivi sasa imelala mezani kwa mpelelezi.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita vichochoro. Shangazi alikuwa anachambua mchele.

"Shangazi, nani kaingia kwenye vile vyungu?"

Shangazi aliinua macho, akaiona suti yenye udongo magotini, akaiona na ile bahasha. Akaelewa yote. "Walioingia ni wengi," akasema taratibu. "Siwezi hata kuwahesabu."

Sabuni akakaa chini. "Umewaona?"

"Hawaonekani. Ndivyo walivyo. Wanafanya kazi mchana na usiku, hawana kelele."

"Na wanataka nini?"

"Wao wakianza kitu, mwanangu, hawaachi mpaka kiishe chote."

Sabuni aliingia chumbani kwake, akatoka, akaingia tena. Saini ya mwenye dawa ilikuwa yake peke yake. Likija la kuja, litamwangukia yeye. Isipokuwa awepo mwenye dawa mwingine. Tuwe wa haki: wazo lilipomjia, alilifukuza, kwa kuwa mama huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lilipomjia mara ya pili, akalikaribisha kiti.

Akaketi akaandika hati kwa mwandiko wake mzuri. Kwamba yeye anamhamishia shangazi yake dawa, mkataba na haki zake zote, kuanzia leo.

"Nimeona wewe ndiye uliyefanya kazi," akamwambia, sauti ikitetemeka vizuri. "Nataka jina lako liheshimiwe."

Shangazi alisoma hati mara mbili. Akasahihisha neno moja. Kisha akamtazama usoni kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi shule bila daftari.

"Mwanangu, una hakika? Ukishasaini hapa, litakalotokea ni langu."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Liwe jema, liwe baya?"

"Liwe lolote, shangazi."

"Basi andika na hilo." Akasubiri aandike. "Sasa nenda kamwite kinyozi, na yule fundi cherehani wako. Jambo la heshima linataka mashahidi."

Sabuni alikimbia kuwaita, akishangaa jinsi mbuzi mwingine anavyoweza kukushikia kisu cha kumchinjia. Alasiri ileile alikuwa ndani ya basi, kiti cha dirishani, akienda mji ambao hakuwa na shangazi. Njiani kamba ya kiatu ilimfunguka, akaifunga kama alivyofundishwa, na hilo lilimsumbua kuliko alivyotarajia.

Huko alikokwenda aliuza dawa ya kuzuia upara, akiwa amevaa kofia. Mwezi wa tatu alinunua mkate, akasoma maandishi kwenye mfuko: *Mfuko huu ukizikwa unaoza.* Chini yake, jina la kiwanda cha Mzee Nailoni. Sabuni alicheka hadi muuza duka akamwuliza kama yuko salama. Kumbe mzee aliendelea na uongo peke yake.

Lakini utaalamu wa mtu ni ugonjwa. Alitaka kujua kama wameufanya vizuri. Akaufukia mfuko kwenye ndoo ya udongo nyuma ya nyumba ya wageni, akawa anamwagia maji ya kunawia. Wiki ya sita akafukua. Hakuna kitu. Akamhoji mfagiaji, mfagiaji akaapa. Akafukia mwingine, akaweka tofali juu, na akafunga mlango wa uani kwa kufuli lake mwenyewe. Wiki ya sita akaondoa tofali. Chini palikuwa na udongo mweusi, mzuri, unaofaa kupandia mchicha.

Alikaa juu ya lile tofali mpaka kivuli kikamhama.

Akarudi mjini kwake, akaenda moja kwa moja kwa wakili.

"Nimedhulumiwa uvumbuzi wangu," alisema.

Wakili alivaa miwani, akasoma nakala ya hati. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi ulidanganywa. Aliyekudanganya alikwambia uongo gani?"

Sabuni alipekua kumbukumbu zake zote. Asali na jiwe, nta na vijidudu, wengi wasiohesabika. Hakukuwa na uongo hata mmoja. Kwa mtu wa fani yake, hilo lilikuwa tusi.

"Njia iliyobaki ni moja," wakili alisema, akichukua kalamu. "Umweleze hakimu kwamba uliposaini uliamini dawa haifanyi kazi, na kwamba hukumhamishia shangazi yako mali, ulimhamishia kesi. Niandike hivyo?"

Sabuni aliichukua nakala yake, akaikunja, akavaa kofia. Mtu aliyewahi kuwauzia miwani wasiosoma akatafuta mlango.

Nyumbani kwa shangazi palikuwa na paa jipya. Mambo yalikuwa yamekwenda hivi: vyungu vilifukuliwa mbele ya mkaguzi, mkaguzi akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akapiga muhuri. Mzee Nailoni, aliyekuwa ametafuta uongo wa bei nafuu, akajikuta ameuziwa ukweli, tena ukweli unaotaka malighafi mpya, na nusu ya mitambo ibadilishwe. Analalamika hadi leo, lakini mifuko inatoka, na mwenye dawa analipwa.

Shangazi alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Umekonda," akasema. "Nawa mikono."

Alikula sahani mbili bila kuinua kichwa. Alikuwa ametayarisha maneno ya kujaza basi zima, ya machozi na ya hasira, lakini kila alipolishika moja lilimteleza.

"Shangazi," alisema mwishowe, "ulijua nilichokuwa nakufanyia."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nisaini."

"Nilikuuliza mara mbili."

Uchungu ulimpanda, ukashuka, na chini yake akakuta kitu kingine ambacho hakukitambua upesi, kwa kuwa hakikuwa cha kuuza. Ilikuwa aibu. Akazungusha kijiko kwenye sahani tupu.

"Huko kiwandani," aliuliza, "hakuna nafasi ya kazi?"

"Ipo. Nikisema neno, unaanza kesho."

"Kweli, shangazi?"

"Kweli. Ila ina kasoro moja."

"Ipi?"

"Ni kazi."

Sabuni aliomba siku mbili za kufikiri. Huu ni mwezi wa nne, bado anafikiri, na kila siku saa ya chakula huwa amefika.